Diski Iliyokaushwa Darini

Siku za Careen zilianzia kwa ng'ombe. Ukungu ukiwa bado umetanda kwenye migomba, alikata majani, akafagia zizi na kumpelekea Bibi Dorkasi chai jikoni, ndipo akavaa sare na kwenda shule. Kijiji chao kiko juu kwenye milima ya Upare, na siku isiyo na ukungu mji wa Same huonekana chini tambarare, mabati yake yaking'aa juani. Kule ni joto na vumbi, huku ni baridi na kijani. Watu wa juu hushuka Same wakiwa na shida maalumu, na shida ikiisha hupanda haraka.

Baba yake, Mzee Eliamini, alikuwa mkulima wa tangawizi. Pia alikuwa na kamera, na harusi au kipaimara kikitokea, ni yeye aliyeitwa kupiga video. Video hizo alizihifadhi kwenye diski ndogo nyeusi ya kuunganisha na kompyuta. Ndani aliigawa sehemu mbili: moja ya kazi za watu, nyingine ya mambo ya familia. Aliifunga diski hiyo kwa kitambaa, akaiweka kabatini, na kuhusu diski hiyo alikuwa na amri moja tu, kwamba isitoke nje ya nyumba.

Katika ile sehemu ya familia kulikuwa na Babu Sifael. Krismasi iliyopita, wana na wajukuu wote walipokuwa nyumbani, babu aliketi kwenye kiti barazani, akawaita wajukuu mmoja mmoja, akawawekea mkono kichwani na kuwabariki kwa Chasu, lugha ya Wapare. Hakurudia maneno. Kila mjukuu alipata yake, kwa jinsi babu alivyomjua. Victoria, mdogo wake Careen, alikuwa na miaka minne na alikuwa amelala mapajani mwa mama yao, basi babu akambariki hivyo hivyo usingizini. Baba alirekodi yote.

Mvua za masika zilipokuja, Babu Sifael aliugua, akafariki. Baada ya mazishi Bibi Dorkasi aliomba video ile isiguswe mpaka Krismasi, wana wote watakaporudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Tanga, ili waisikilize pamoja. Picha ya mume wake ilikuwepo ukutani, lakini picha haisemi, na bibi alichokikosa ni sauti. Baba alikusudia kutoa nakala ya video hiyo. Alikusudia kila wiki, ila kila wiki tangawizi nayo ilimwita shambani.

Mambo yaliharibika shule zilipofungwa. Rafiki yake Careen, jina lake Faustina, alikuwa na kaka aliyerudi kutoka mjini na tamthilia ndefu kwenye kompyuta yake. Faustina alimwambia Careen alete kitu cha kuhifadhia, wainakili yote, waitazame likizo nzima. Careen aliifikiria amri ya baba, kisha akaifikiria tamthilia. Baba alikuwa shambani na mama alikuwa sokoni. Akaichukua diski, akaitia kwenye mfuko wa shule na kwenda nayo kwa kina Faustina, ng'ambo ya bonde.

Alipofika, umeme ulikuwa umekatika. Walisubiri mpaka wakachoka, na aliporudi mvua ilimkuta bondeni, mvua ya vuli ya milimani isiyompa mtu nafasi ya kukimbia. Alipoufungua mfuko nyumbani, daftari zilikuwa zimelowa, na diski ilikuwa ikidondosha maji.

Sasa, kwa watu wa milimani kitu kilicholowa hakijadiliwi. Hupandishwa darini. Juu ya mafiga ya jiko la Bibi Dorkasi kulikuwa na dari la fito, jeusi kwa masizi, lililokuwa likikaushia mahindi ya mbegu, maharage, viatu na masweta ya shule tangu kabla Careen hajazaliwa, na hakuna kilichowahi kupanda pale kikashuka kibichi. Basi Careen aliipandisha diski, akaificha nyuma ya mahindi. Moto ukawaka chini yake kama kawaida, na hakuna aliyeona lolote la ajabu. Alipoishusha kesho kutwa yake ilikuwa kavu kabisa. Ilinuka moshi, na pembe moja ya gamba lake ilikuwa imejikunja kwa joto.

Aliichomeka kwenye kompyuta ya baba. Sehemu ya kazi ilifunguka polepole. Sehemu ya familia haikufunguka. Kompyuta ilitoa maneno ya Kiingereza kwamba lazima sehemu hiyo isafishwe upya kabla haijatumika, ikauliza kama aendelee. Careen hakuelewa vizuri. Alichokishika ni kwamba baada ya hapo itatumika, na alitaka sana itumike. Akabonyeza ndiyo. Punde sehemu ya familia ikafunguka, na ndani yake hapakuwa na kitu.

Careen aliizima kompyuta. Angeweza kwenda shambani saa ile ile na kumwambia baba, na njia alikuwa anaijua. Badala yake alianza kuwaza jinsi ya kufanya sehemu ile isionekane tupu. Alikwenda kwa Faustina, akaazima flashi ambayo kaka wa Faustina, umeme uliporudi, aliinakilia ile tamthilia, akaimimina yote ndani ya diski, akaongeza na nyimbo. Kisha akaifunga diski kwa kitambaa chake, akairudisha kabatini na kuulaza mkunjo wa kitambaa vilevile alivyoukuta.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kwake. Kila jioni, akimenya ndizi, Bibi Dorkasi alizungumzia Krismasi. Alishaamua atavaa kitenge kipi. Alishamwomba Careen aketi karibu naye siku hiyo, kwa kuwa masikio yamechoka na kuna maneno yatakayompita. Careen aliitikia, akaona aibu, na siku ya pili aliepuka kukaa jikoni.

Wiki moja kabla ya Krismasi baba aliitoa diski ili aijaribu. Katika sehemu ya familia alikuta tamthilia na nyimbo tu. Kisha akachukua simu, akampigia mdogo wake, Paschal, aliyeishi Same akipiga muziki kwenye sherehe, na aliyewahi kuitumia diski hiyo hapo nyumbani mwaka huo kunakili harusi ya rafiki yake. Hakupandisha sauti. Alimuuliza amefanya nini na sauti ya baba yao. Paschal akakana. Baba akamwambia kwamba mtu mzima anayekana makosa yake hafai kukabidhiwa hata jembe, na kama ni kuja Krismasi, aje ale aondoke, vyombo vyake vya muziki avibakize huko huko. Bibi Dorkasi, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, aliuweka ungo chini.

Careen alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alimpenda baba mdogo Paschal. Alijua kwamba akinyamaza sasa, jambo litaishia hapo: baba ameshapata mkosaji, na yeye hakuna atakayemuuliza. Hilo ndilo lililomtisha kuliko fimbo.

"Baba," alisema, "siyo baba mdogo. Ni mimi."

Baba alikata simu. Careen alisimulia, na alipofika kwenye dari sauti yake ikashuka, maana hata yeye sasa aliona lilikuwa jambo la kuchekesha, na hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye tamthilia akaanza kulia. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni hayo tu, au kuna mengine?" aliuliza.

"Ni hayo tu, baba."

Baba hakumpiga. Alimpigia tena Paschal, akamwomba radhi mbele ya wote waliokuwepo, na ilionekana wazi kwamba haikuwa rahisi. Kisha akamwambia Careen ajiandae, kesho watashuka Same. Bibi aliuokota ungo wake na kuendelea na maharage, ila mikono yake haikuwa na haraka tena.

Karibu na soko la Same kulikuwa na banda la Salama, fundi wa kompyuta na simu. Alikuwa dada wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, na meza yake ilijaa vyombo vilivyofunguliwa matumbo. Careen alimwamkia. Salama aliitikia marahaba, akaipokea diski, akainusa, akakunja uso.

"Kabla sijaiwasha, nataka historia yake," alisema. "Yote. Nani ataniambia?"

Baba alimtazama Careen. Njiani Careen alikuwa amejipangia kusema kuhusu mvua na kuliacha dari, kwa sababu hapa Same wangemcheka. Lakini alikuwa amechoka kubeba siri. Akasema yote, pamoja na mafiga, na mahindi ya mbegu, na tamthilia.

Salama hakucheka. Alisema imekuwa heri kuambiwa, kwani angeambiwa ni mvua peke yake angeiwasha moja kwa moja, na chombo kilichopikwa kikiwashwa hivyo kinaweza kujimaliza chenyewe. Akalifungua gamba, akatoa kibao cha ndani na kukisafisha masizi kwa brashi na dawa ya kukauka haraka. Kiungo kimoja kilikuwa kimelegea kwa joto. Akakichomea upya.

"Maji hayakufuta kitu," alimwambia Careen. "Maji yalichafua mlango tu. Kule kwenu, mpaka wa shamba mnauwekaje?"

"Tunapanda masale."

"Mtu akija akayang'oa masale yote, migomba itakuwa imeondoka?"

"Hapana. Itakuwepo."

"Lakini mgeni akipita hatajua shamba la nani linaanzia wapi. Ndivyo ulivyofanya ulipobonyeza ndiyo. Uling'oa masale. Ile sehemu ya familia ikapoteza mipaka na majina yake, ila vilivyokuwemo vilibaki pale pale. Ningeletewa siku ile, huenda ningerudisha vyote." Salama alivaa miwani yake. "Sasa niambie, mtu akilima palipokuwa na tangawizi, akapanda mahindi juu yake?"

Careen aliinamisha kichwa. Jibu alikuwa nalo, na lilimuuma. Kumbe kilichofuta sauti ya babu hakikuwa mvua wala moto. Ilikuwa ile tamthilia aliyoimwaga kwa mikono yake ili watu wasijue.

Baba aliuliza ni kiasi gani kimelimwa. Salama alisema hajui bado, na hatasema neno la kuwafurahisha kisha akawageuka. Alieleza atakavyofanya. Diski ilikuwa mgonjwa, kwa hiyo hataipekua yenyewe. Kwanza atanakili kila kilichomo, kizima na kibovu, kwenye diski nyingine yenye afya, kisha apekue ile nakala. Na tangu sasa hakuna kuandika hata herufi moja juu ya ile ya zamani. Kazi hiyo haiharakishwi. Wakarudi nyumbani kusubiri.

Kusubiri kulikuwa kugumu. Bibi Dorkasi hakuzungumzia tena kitenge. Careen aliona afadhali angegombezwa.

Simu ilipokuja, walishuka tena. Salama alikuwa ameipata mipaka ya zamani, na vitu vingi vilikuwa vimerudi, ila vimerudi bila majina, rundo la mamia ya picha na video zenye namba tupu. Mtu alihitajika kuvifungua kimoja kimoja na kuviita majina yake. Baba alisema mtu huyo yupo. Careen alikaa kwenye kigoda pembeni mwa meza tangu asubuhi mpaka maduka yakaanza kufungwa, akafungua, akatazama, akaandika: harusi ya huyu, kipaimara cha yule, mama akiwa msichana. Mgongo ulimuuma na macho yakawasha. Hakuomba kupumzika, na Salama hakumpa.

Ile ya babu aliipata jioni. Babu aliketi barazani, akakohoa, akaita jina la mjukuu wa kwanza, na sauti yake ikajaa bandani. Baba aligeukia mlangoni, akasimama hivyo kwa muda. Baraka zilikwenda sawa, mjukuu mmoja baada ya mwingine, hata ya Careen mwenyewe. Kisha babu akamwinamia mtoto aliyelala mapajani mwa mama, akasema, "Victoria," na picha ikavunjika ikawa vipande vya rangi. Sauti ikakwaruza, ikazima. Iliporudi, babu alikuwa kwenye sala ya mwisho, na watu wote walikuwa wameinamisha vichwa.

Salama alijaribu tena kwa njia nyingine mbili. Halafu akaondoa miwani.

"Hapo pamelimwa," alisema. "Pole sana."

Basi Krismasi ikafika, na watu wakafika. Baba mdogo Paschal alikuja na spika zake, na baba alimpokea getini na kuzibeba mwenyewe. Siku ya pili ya sikukuu wote walikusanyika barazani. Bibi Dorkasi alivaa kile kitenge. Kabla video haijaanza, baba alimwambia Careen asimame. Careen alisema mbele ya shangazi zake na baba zake wadogo alichokifanya, kisha akapiga magoti mbele ya mdogo wake.

"Vicky, kuna sehemu ya babu iliyokuwa yako. Nimeipoteza mimi. Nisamehe."

Victoria, ambaye sasa alikuwa na miaka mitano, alimtazama bila kuelewa vizuri, akasema, "Haya."

Sauti ya babu ilipoanza, hakuna aliyekohoa. Bibi Dorkasi alifumba macho, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa Careen, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Kwa kila baraka alitikisa kichwa. Kisha likaja jina la Victoria, na vipande vya rangi, na ukimya. Sala ya mwisho ikapita. Baba akazima.

Victoria aliuliza, "Mimi aliniambia nini?"

Bibi alimvuta mtoto karibu, akamwekea mkono kichwani.

"Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake," alisema. "Alikuwekea mkono hivi. Akasema, huyu amelala, tusimwamshe, baraka itamkuta huko huko aliko. Akakuombea miguu ya kufika mbali na moyo wa kukumbuka nyumbani. Baadaye akasema jambo jingine, na lilikuwa refu. Hilo silikumbuki."

Shangazi mmoja aliyetoka Tanga alimnong'oneza bibi, kwa sauti ambayo wote waliisikia, kwamba aseme lolote jema, mtoto hatajua tofauti, na siku iishe vizuri.

"Nitajua mimi," alisema Bibi Dorkasi. "Careen aliona pengo, akalijaza kwa vitu visivyo vya hapo ili tusilione. Kumbe maneno yalikuwa bado chini yake, na yeye akayafukia. Mvua tungemsamehe siku ile ile, na dari tungemcheka tu. Mtoto akiharibu kitu, na aseme mapema, wakati kingali kinaweza kutengenezwa, hata akiogopa. Na mimi mtu mzima siwezi kumfundisha hivyo leo, halafu nimpachike marehemu maneno ambayo hakuyasema. Nisilolikumbuka, naliacha wazi."

Wengine wakaanza kuinuka kwenda kuandaa chakula. Ndipo mama yake Careen, ambaye mbele ya wakwe zake huwa haongei ovyo, akainua uso.

"Mimi nilikuwa nimempakata," alisema polepole. "Babu alisema mtoto huyu ana mikono ya mama mzazi wa babu mwenyewe. Kwamba vidole vya Victoria ni vya yule mama, aliyemlea yeye na ndugu zake kwa kulima, na hivyo tusiache mtoto huyu akose kazi ya mikono. Ndiyo. Ndivyo alivyosema. Nilivitazama vidole vyake."

Bibi Dorkasi alishusha pumzi. "Ni hilo," alisema. "Ni hilo hasa."

Baba alimwashiria Careen achukue kamera. Careen aliiwasha, akamwomba bibi na mama waseme tena, taratibu, na akasimama mbele yao akirekodi bila kutikisika. Victoria hakumtazama mtu yeyote. Alikuwa ameinua mikono yake miwili usoni, akivihesabu na kuvigeuza vidole vyake.